Lempi Atoke Jikoni

Zamani mume akienda kambini kuwinda kulungu, alikuwa ameenda. Siku hizi wanapiga simu kutoka porini kuuliza chumvi iko kabati gani. Enzi zetu, katikati ya Novemba, gari likishapotea nyuma ya misonobari, mwanamke wa mji wetu wa Negaunee alijua hatamwona mzee wake mpaka arudi akinuka moshi na soksi, ana kulungu juu ya gari au hana kulungu ila ana maelezo marefu. Mjini walituita wajane wa kulungu. Wajane wengine walikwenda madukani Green Bay, wengine walicheza karata na kusengenyana. Sisi watatu tuliandika riwaya.

Sisi ni mimi, Helmi Ruona, niliyewapikia watoto wa shule mpaka magoti yakakataa. Darlene LaBelle, mwenye saluni ya nywele na mdomo usio na breki. Na Ardis Koskela wa maktaba, ambaye peke yake kati yetu ndiye aliyejua kuandika. Nalisema hilo bila wivu. Wivu nilikuwa nao, ukaniishia na uzee pamoja na meno.

Mashine nilizileta mimi kutoka shuleni. Zilikuwa taipureta za betri: kibodi tu, nyepesi ya kupakata, na juu yake kidirisha cha kijivu kinachoonyesha mistari minne. Minne, basi. Ukiandika wa tano, wa kwanza unapanda juu na kupotea. Hakuna intaneti mle, hakuna picha, hakuna anayekukumbusha siku ya kuzaliwa ya mtu usiyempenda. Watoto walijifunzia kuchapa, kisha laptopu zikaja na shule ikaona hizi ni takataka. Nilizibeba kwenye sanduku la viazi. Yangu ilikuwa na stika ya dinosau ambayo sikuibandua, na betri zake tatu ndogo zilikaa mwaka mzima bila kulalamika. Sijawahi kuwa na kitu cha umeme kilichoniheshimu kama kile.

Tulikutana jikoni kwa Ardis kila asubuhi, wazee wakiwa kambini. Jiko la kuni likinguruma, mkate wa iliki ukiwa bado wa moto, kila mtu na taipureta yake mapajani au mezani. Tulikuwa na sheria mbili na tulizishika kuliko za kanisa. Ya kwanza, hakuna kurudi nyuma kusoma ulichoandika. Atakayebonyeza mshale wa juu ataosha vikombe. Ya pili, kila asubuhi faili jipya. Mashine ina safu ya vitufe vya kuhifadhia, kila kitufe na faili lake, na sisi tulibonyeza kitufe cha siku hiyo na kuanza kwenye kidirisha kitupu, ili mtu asishinde akisugua sentensi za jana. Sheria hiyo aliitunga Darlene. Alikuwa akisema jana ameshakufa, tumwache alale.

Na ilifanya kazi, jamani. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki, vidole vyangu vinacheza. Theluji ikianguka dirishani, hakuna anayesema neno ila vitufe vinatatarika, na ghafla Darlene anacheka peke yake kwa jambo alilomfanyia mtu wa kwenye hadithi yake. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna hiyo popote, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Siku moja kabla ya wanaume kurudi tulikuwa na sherehe yetu. Tuliunga mashine kwa waya kwenye kompyuta ya Ardis na kubonyeza kitufe cha kutuma. Zile mashine hazitumi maandishi kwa mkupuo. Zinayachapa upya, herufi moja moja, kwenye kioo cha kompyuta, utadhani kuna mtu asiyeonekana ameketi pale anaandika. Tulivuta viti, tukakata mkate, tukatazama. Hapo ndipo makosa yalipojitokeza, maana anayeona mistari minne tu hukumbuka mistari minne tu. Mpenzi wa hadithi ya Darlene alianza na macho ya bluu, akaoa ana ya kahawia. Mimi nilimzika mchungaji sura ya pili, na sura ya tano akaja kunywa chai. Darlene alinicheka mpaka akapaliwa, na mimi nikamwambia nyani haoni kundule. Makosa hayo yalikuwa mali yetu. Mwaka mzima ukimsahau mtu jina dukani, mwenzako anakuambia tu, "Mistari minne hiyo," na mnacheka.

Kwa hiyo Ardis alipoanza kusahau, tulicheka pia. Alitia chumvi mara mbili kwenye mkate: mistari minne. Alimwita Darlene kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa: mistari minne. Tulikuwa na neno tayari la kulifunika jambo hilo, na tukalifunika.

Mwaka huo faili la kwanza la Ardis lilipoanza kujichapa kwenye kioo, Darlene aliacha kutafuna. Ilikuwa habari ya Lempi, msichana mtumishi katika nyumba ya wapangaji, zamani za mgodi wa chuma. Lempi yuko jikoni kabla hakujapambazuka, anakunja pasti za wachimbaji, mikate midogo ya kukunja yenye nyama na viazi ndani, na pembeni ya kila pasti anachora kwa kisu herufi ya jina la mwenyewe. Nyingine zimeshaiva, nyingine bado mezani. Kisha king'ora cha mgodi kinalia saa isiyo yake. Lempi anasimama, unga umemfika mpaka viwikoni, hajui afanye nini na mikono yake.

Likaja faili la pili. Lempi yuko jikoni anakunja pasti. King'ora kinalia. Darlene akamwambia Ardis inaelekea ameipenda sana sura hiyo, na Ardis mwenyewe akacheka. Likaja la tatu. Unga viwikoni, king'ora, mikono. Maneno yalikuwa karibu yale yale, si kwa kunakili, bali kama ya mtu aliyeyaona kwa mara ya kwanza na kuyapenda. Katika la nne hakuna aliyekuwa akicheka. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mashine imekwama, inarudia faili moja, nitaipeleka kwa fundi. Nilitaka sana iwe mashine.

Ardis aliweka kikombe chake chini. "Mashine ni nzima, Helmi," alisema.

Daktari wa mji wa Marquette alilipa jambo hilo jina lake, na mimi sitaliandika hapa, limeshapata nafasi ya kutosha nyumbani mwa Ardis.

Majira ya kuchipua alikuja kwangu kwa miguu, amevaa viatu vya mvua, na kabla hajaketi akasema alichokuja kusema. Riwaya zake zote za kila Novemba zilikuwa vichwa bila mikia. Hakuna hata moja aliyoimaliza. Kila mwaka aliona kuna mwaka mwingine.

"Nataka kumaliza kitabu kimoja," alisema. "Hiki. Wanaume wako chini ya ardhi, mtoto wa watu amesimama na unga mikononi, na mimi ndiye niliyemsimamisha pale. Siwezi kumsahau akiwa amesimama, Helmi. Nimsahau akishatoka."

Nilimwambia Novemba tutamtoa. Nilisema kwa ushujaa kabisa, kisha alipoondoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma na kulia mpaka mbwa wa jirani akaja kuniangalia.

Novemba ilipofika, Rudy mumewe hakwenda kambini. Tangu waoane hajawahi kukosa, hata mwaka aliovunjika mguu walimbeba. Sasa alikuwa ameketi jikoni na kofia yake ya rangi ya chungwa kichwani, anaitazama taipureta ya Ardis kama kitu cha kupigwa risasi. Aliniambia pembeni kwamba heri mashine ile aifungie stoo, kwa sababu mkewe akiandika kitu kile kile mara nyingi halafu akagundua, anaumia, na yeye hawezi kumwona akiumia. Alikuwa na haki yake. Lakini mwanamume akikaa jikoni kwenu, hakuna riwaya.

"Shemeji, nenda kambini," nilimwambia.

"Na huyu nani atamwangalia?"

"Mimi na Darlene. Miaka yote hii ukiwa porini ulidhani nani alikuwa anamwangalia?"

Alivua kofia, akaivaa tena. Akaenda, lakini kila jioni alirudi kulala nyumbani, mikono mitupu, na nadhani kulungu wa mwaka ule walimpita mbele ya pua.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Ardis alikaa, akabonyeza kitufe cha siku, akatazama kidirisha kitupu, na Lempi akaanza kukunja pasti. Nilimweleza mwanzoni kwamba Lempi ameshakunja pasti, king'ora kimeshalia, sasa atoke. Akaitikia, akaelewa kabisa. Kisha akatazama kidirisha kitupu, na vidole vikaenda jikoni vyenyewe. Kila asubuhi pasti, unga, king'ora. Na kila mara iliandikwa vizuri, hilo ndilo lililoniuma. Mkono wake ulikuwa mzima.

Darlene akanivuta ukumbini akaninong'oneza niandike mimi mwisho. Nimjue Lempi nisimjue, nimtoe tu, tumwambie Ardis amemaliza. Nani atajua? Nikamwambia aone haya. Lakini Ardis alipojilaza kabla ya chakula, niliivuta mashine yake nikajaribu. Nilimtoa Lempi mlangoni. Alitoka akitembea kama mimi, akilalamika kama mimi, na alipofika barabarani alikuwa na maumivu ya magoti. Nikafuta yote.

Jambo lenyewe nililiona kwa bahati. Asubuhi moja Ardis alikuwa katikati ya kuandika, mchungaji wetu akapiga simu, wakaongea muda mrefu. Aliporudi mezani mashine ilikuwa bado inawaka, na mistari yake minne ya mwisho iko pale kwenye kidirisha. Akaisoma midomo ikitikisika, akaweka vidole, akaendelea kutoka palepale. Hakuuliza kitu. Hakurudi kwenye pasti. Aliandika mpaka akachoka.

Nilibaki na kisu cha mkate mkononi. Mistari minne ilikuwa inamtosha. Kilichokuwa kikimrudisha jikoni kila asubuhi ni kile kidirisha kitupu, na kidirisha kitupu kilikuwa sheria yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wenyewe. Sheria tuliyoipenda, tuliyoichekea, tuliyoishika sawa na ile ya kwanza ya kuosha vikombe, ndiyo iliyomfungia Lempi mlango.

Kesho yake nilimzuia mkono kabla hajagusa kitufe cha siku. Nikafungua faili la jana na kushuka mpaka chini kabisa, pale alipokomea. Darlene, mtunga sheria, alisimama akitazama. Hakusema neno, na kwa Darlene hilo ni kama kuanguka kwa mnara wa kanisa. Akakusanya vikombe vyote, hata ambavyo havijatumika, akaenda kuviosha.

Nilimsomea Ardis mistari ile minne. Lempi amesimama. King'ora kimenyamaza. Unga unaanza kukauka kwenye ngozi. Nikauliza, "Halafu?"

Aliitazama mikono yake. "Halafu anafuta mikono," akasema, na akaandika hivyo.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Sikumweleza tena hadithi nzima, ilimchanganya. Nilisoma mistari minne na kuuliza halafu. Anafuta mikono. Anazitandika pasti zilizoiva kwenye kikapu na kuzifunika kwa kitambaa. Anatoka, hana koti. Siku Lempi alipotoka mlangoni, Darlene alipiga meza kwa kiganja, na Ardis akashtuka akamuuliza ana nini. Siku nyingine zilileta mstari mmoja tu. Siku nyingine hakutaka kuandika, alitaka kujua mama yake yuko wapi, na tulikula mkate tukatazama theluji. Lakini Lempi alikuwa njiani, na kila asubuhi tulimkuta pale tulipomwacha, hakurudi nyuma hata hatua.

Akafika kwenye lango la mgodi. Wanawake wamejaa, hakuna anayeongea. Lifti inapanda, wanaume wanatoka mmoja mmoja, weusi, hawatazami mtu. Lempi hajui la kusema, kwa hiyo anampa kila mmoja pasti yenye herufi ya jina lake, na kila mmoja anaipokea na kuila palepale amesimama. Lifti ikaacha kupanda. Kwenye kikapu ikabaki moja. Asubuhi ile Ardis alipoandika hayo alikuwa na rangi mashavuni na hakusikia nilipomwambia kahawa inapoa. Lempi anaitazama ile herufi. Anakaa kwenye theluji, lango linafungwa, na anaila yote mpaka makombo. Ilikuwa bado na joto.

Ardis aliinua vidole.

"Halafu?" nilimuuliza.

"Hakuna halafu," alisema. "Ameshakula, Helmi. Imeisha."

Sikumbuki nilisema nini. Najua Darlene alitoka nje akakumbatia mti, na aliporudi alidai alikuwa anatafuta kuni.

Tulifanya sherehe yetu kama kawaida, ila Rudy alikuwepo, amesimama nyuma ya viti na kofia mkononi. Tulitumia faili moja tu la jikoni, lile zuri zaidi, na yote yaliyofuata. Herufi zilitembea kwenye kioo mchana kutwa. Ardis alilala kitini kabla Lempi hajafika langoni, na hatukumwamsha.

Hayo yote ni ya zamani kidogo sasa. Jikoni kwa Ardis hakuna tena vitufe vinavyotatarika. Darlene amehamia kwa mwanawe kusini, ananitumia picha za minazi, na mimi simjibu kwa wivu. Taipureta yangu bado inafanya kazi, lakini kuandika peke yangu si kuandika, ni kubofya. Rudy alikichapisha kitabu cha Ardis kwenye karatasi na kukishona mgongo kwa uzi wa kuvulia samaki. Alhamisi nikienda kumsaidia, namsomea Ardis. Ni kifupi, kinakwisha kabla ya chakula.

Anasikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsomea. King'ora kikilia, anashika mkono wangu. Lempi akitoka mlangoni, anavuta pumzi. Pasti ya mwisho inapoliwa, hutazama dirishani.

Alhamisi iliyopita aligeuka kutoka dirishani.

"Huyu mama anajua kuandika," alisema.

"Anajua sana."

"Mimi nilikuwa naandika, unajua. Sikumaliza hata kimoja."

"Hiki ni chako, mwenzangu. Umekiandika wewe, hapa, kwenye meza hii. Ukakimaliza."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaitazama mikono yake, mgongo na kiganja, na uso wake ukafunguka, furaha ikamjaa mpaka nikaona aibu kuitazama. Nimemwona akipata habari hiyo Alhamisi nyingi sasa, na kila mara ni mara ya kwanza.

"Rudy anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Alisemaje?"

"Alilia."

"Muongo wewe. Rudy halii."

Rudy alikuwa kwenye sinki, ametugeuzia mgongo, anamenya viazi.

"Nililia," alisema.